Mtu wa Kukaa na Bashiri

Jumatatu, 5 Machi 1984

Muuguzi Dionisia wa zahanati anatafuta mtu aliyewahi kuugua akili akapona, awe anawatembelea wagonjwa majumbani. Atapewa baiskeli. Nimejitolea papo hapo. Mwaka juzi niliugua miezi minne, Nkowe nzima inajua. Mshindani ni mmoja tu: Biasha, mkulima wa ufuta, naye aliugua zamani. Darasa la nne hakumaliza. Mimi mwalimu. Lakini Dionisia alimchekea sana. Kuna jambo kati yao.

Tutajaribiwa kwa Bashiri. Tangu amzike mkewe hasemi na mtu.

Jumanne, 6 Machi

Nimekwenda kwa Bashiri na daftari. Nimemsimulia ugonjwa wangu mwanzo hadi mwisho, saa mbili nzima. Nikamuuliza maswali ishirini na moja. Nikaandika: hakujibu. Dada yake akauliza natafuta nini. Nikasema ni siri ya kazi. Kumbe alidhani nakagua walanguzi walioficha sukari! Yeye na majirani wamenisindikiza mpaka barabarani, si kwa heshima. Nani kamtia maneno? Biasha, bila shaka.

Jumatano, 7 Machi

Nimejibanza nyuma ya jiko la Bashiri, nijue Biasha anatumia dawa gani. Hakuna dawa. Kakaa mkekani anabangua korosho. Baadaye Bashiri naye akaanza kubangua. Kazi gani hiyo?

Mara Bashiri akasema, "Kila asubuhi namsikia anachota maji."

Biasha hakushtuka. Akamuuliza anamsikia upande gani. Bashiri akalia. Hapo kuni nilizoegemea zikaporomoka. Bashiri akaingia ndani, akafunga mlango.

Alhamisi, 8 Machi

Biasha kaja kwangu. Nilijiandaa kutukanwa. Akakaa tu, halafu akauliza, "Mwalimu, wewe mwenyewe siku hizi unalala?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikajikuta nasema silali, naogopa ugonjwa utarudi. Nikasema nimeitaka kazi hii kwa sababu anayehudumia wagonjwa, nani atamwita mgonjwa? Nikalia. Alikaa mpaka jua likashuka. Ushauri hata mmoja hakunipa.

Ijumaa, 9 Machi

Kazi kapewa Biasha. Bashiri mwenyewe kamtaka.

Nimelala mpaka kumekucha, mara ya kwanza tangu Januari. Nimemwandikia Dionisia malalamiko: Biasha hana ushauri, na amemliza mtu mzima nyumbani kwake. Tena achunguzwe. Kanilazaje bila dawa?

Biasha amesema atapita tena kwangu Jumapili. Nitamkalisha muda mrefu, nimchunguze vizuri.