Mgando wa Mama Kwenye Kabati la Joto

Jumatatu, 4 Machi
Miaka kumi na tisa naosha vyombo vya maabara hii, na leo ndiyo nimeelewa naosha nini. Daktari alikuwa akiwaeleza wageni. Mwilini mwa mwanamke, alisema, wapo bakteria wazuri wanaolinda mlango wa uke. Yeye amewabadilisha vinasaba ili watengeneze protini ya kunasa virusi vya UKIMWI kabla havijaingia. Bado ni majaribio. Akaongeza kwamba wana undugu na wale wanaogandisha maziwa.

Undugu! Nilibaki nimesimama na brashi mkononi. Nilimkumbuka Mama na chungu chake cha mgando dirishani, kitambaa cha bluu juu. Nilimkumbuka dada, aliyeugua zamani, dawa hazijafika. Mumewe hakutaka hata kusikia habari za kondomu. Mwishoni hakumeza kitu ila mgando wa Mama, kijiko kwa kijiko, na alitaka ule wa juu wenye malai.

Mbegu ya mgando ule ninayo. Mama ana miaka tisa kaburini, na kila siku ya tatu naiongezea maziwa mapya. Mpango: bakteria wa Mama waingie kwenye dawa.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwomba Daktari kwa adabu. Kanijibu kwa adabu zaidi: bakteria wake ni wa mwilini, wa maziwa ni binamu tu, kule hawakai. Mgando ninywe mwenyewe. Fundi wa majokofu alisikia. Kufika saa nne jengo zima linaniita Profesa Mgando.

Binamu si ndugu? Sisi na binamu zetu tulilala mkeka mmoja. Kesho.

Jumatano, 6 Machi
Nimeingia na mbegu yote, chupa nzima, nimeificha chini ya sabuni. Kijiko kingetosha, lakini wasije wakasema sampuli ni haba. Nimeiweka kwenye kabati la joto, nyuma ya visahani vya Daktari, kifuniko nimekikaza kwa nguvu zangu zote. Lebo: "Mama, wa kwanza."

Nimeosha vyombo vya mchana huku napiga mluzi wimbo wa dada. Yeye alikuwa anaosha, mimi nafuta, na kila sahani ya tatu ananirushia maji. Sijawahi kufurahia kazi hii kama leo.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Mgando umevimba kwa joto, kifuniko kimeruka, maziwa yamemwagikia visahani kumi na kimoja. Aliyefungua kabati ni fundi wa majokofu, nani mwingine.

Sheria ni moja. Kilichochafuka chote kinaingia mashine ya mvuke, na humo hakitoki kitu hai. Chupa ya Mama pia. Na mwendesha mashine ni mimi. Nilibonyeza kitufe kwa kidole changu, nikasimama pale dakika arobaini, nikalia. Nilihisi nimemzika Mama mara ya pili.

Daktari ana akiba kwenye jokofu. Amepoteza wiki mbili tu. Aliuliza kwa nini. Nikamweleza habari za dada. Alivua miwani. Kisha akasema kazi hii anaifanya kwa ajili ya wanawake kama dada, mtu aweze kujilinda bila kuomba ruhusa ya mume. Halafu akanipa onyo la maandishi. Kosa jingine, nje.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu amenionea huruma, katoboa siri. Mwaka wa harusi yetu, Mama alimpa mama mkwe wangu kijiko cha mbegu. Mama mkwe! Miaka yote hii nausema vibaya mgando wake.

Nilikwenda kichwa chini. Akanimiminia kikombe. Ni Mama yule yule: dirisha, kitambaa, dada anakwangua chungu. Nikaomba mbegu. Akasema kwanza niyafute maneno yangu yote. Nimeyafuta, moja moja, anayakumbuka kuliko mimi. Amenipa robo chupa na kuniapisha kwamba haitatoka nyumbani.

Jumapili, 10 Machi
Mbegu imeshika. Nimekifua kitambaa cha bluu, nimeifunika nacho. Nimekaa dirishani asubuhi yote, nikiyatafakari makosa yangu. Daktari ana haki. Mama mkwe ana haki. Hata fundi wa majokofu ana haki kidogo.

Kosa lilikuwa kifuniko. Kesho kazini nitakilegeza.