Kumpima Mke Wangu Bila Yeye Kujua

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amepandishwa cheo! Kuanzia Jumamosi ya wiki ijayo yeye ndiye muuguzi mkuu wa wodi ya watoto. Kutakuwa na sherehe kwenye ukumbi wa hospitali, hotuba, picha, keki. Nimefurahi kana kwamba cheo ni changu. Nimewaambia wateja wote dukani, hata yule aliyeingia kuuliza choo kiko wapi.

Tatizo ni gauni. La buluu, kitambaa kinateleza kama maji. Alilipenda likiwa limevalishwa sanamu dukani, akalinunua. Mwilini, balaa! Mabega yamekaa, lakini kutoka hapo kwenda chini kila kitu kimeshika njia yake. Kiunoni wangeingia watu wawili. Mikono inafunika vidole. Pindo linafagia sakafu. Leo jioni amelijaribu tena mbele ya kioo, akageuka huku, akageuka kule, akasema hili limeshonwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajazaliwa. Akalirudisha nyuma ya kabati. Sasa atavaa lile la kahawia. Lile la kahawia alilivaa kwenye mazishi mawili na kikao cha wazazi!

Alisema angelipeleka la buluu kwa fundi, ila zamu za usiku hazimwachii nafasi. Akaenda kazini. Nikabaki nimekaa kitandani, mimi na wazo. Nitalipeleka mimi. Kwa siri. Asubuhi ya sherehe nitalitoa, yeye atalia, nami nitasema, ah, kitu kidogo tu.

Na mwanyumba wangu afe kwa kijicho. Huyu ndiye aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Kila mwaka humshangaza mkewe kwa zawadi, na kila mwaka sisi huitwa tukashangae pamoja nao. Tumemchoka. Sawa, mimi nimemchoka. Mke wangu humpigia makofi.

Jumanne, 4 Machi

Gauni limetoka nyumbani ndani ya ndoo tupu ya rangi. Nauza rangi za nyumba. Hakuna anayeshangaa kuniona na ndoo. Nimelifikisha kwa fundi aliye nyuma ya soko, wanayemwita Fundi Pini kwa sababu huongea pini zikiwa mdomoni na hadi leo hajameza hata moja.

Akalitandaza mezani, akakisifu kitambaa, akasema kazi ni ndogo: kubana ubavuni, kufupisha mikono, kupandisha pindo. Nikachekelea. Kisha akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikamweleza kwamba ni siri. Hapo akatoa pini zote mdomoni, jambo ambalo nasikia hulifanya akikasirika tu.

"Bwana, nguo nimeiona," akasema. "Mwili uko wapi? Nibane kiuno cha nani?"

Nikamchorea hewani kwa mikono: hapa hivi, hapa hivi. Akasema huo ni mtungi. Nikasema mke wangu namjua, tumeoana tangu nina nywele. Akaniuliza mkono wake una urefu gani, kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Nikautazama mkono wangu mwenyewe. Mtu unalala naye kitanda kimoja, hujui mkono wake unaishia wapi!

Amesema nilete vipimo, la sivyo nirudi na ndoo yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya kwanza: kamba. Nilikata kipande chembamba kule dukani, nikakificha kiganjani. Mke wangu alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Nikamkumbatia kwa nyuma. Kifua, fundo! Baada ya muda nikarudi. Kiuno, fundo! Alipoinama kuchukua sufuria nikamkumbatia tena. Nyonga, fundo!

Akaweka kisu chini, akaniuliza nimefanya nini. Nikasema, kwani mume hawezi kumkumbatia mkewe? Akasema anaweza, ila huyu wa kwake kwa kawaida hukumbatia kabla ya habari mbaya. Akauliza kama nimefukuzwa kazi. Akauliza kama nimegonga gari la mtu. Mimi hata kuendesha sijui!

Nimeingia kwa Fundi Pini kifua mbele, nikamkabidhi kamba. Akauliza fundo lipi ni kifua. Nikasema la kwanza. Akauliza la kwanza kutoka upande upi.

Kamba ina ncha mbili. Hili sikuliona.

Tena akaivuta, ikarefuka. Akasema kwa kamba ya namna hii mke wangu atakuwa mwembamba asubuhi na mnene jioni. Watu wamecheka, yaani hata mteja wake aliyekuja na suruali iliyochanika nyuma amepata ujasiri wa kunicheka mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu ya pili. Akitoka zamu ya usiku, mke wangu hulala fofofo mpaka mchana. Nikaomba ruhusa dukani, nikasingizia jino. Nikaja na kamba mpya isiyovutika. Nikaingia chumbani kwa mwendo wa paka.

Alikuwa amelala ubavu, soksi moja mguuni, nyingine sijui imeenda wapi. Usingizi ulimshika kabla hajamaliza kujivua. Nikamtazama kidogo. Ana mistari miwili midogo kando ya jicho ambayo sikuwahi kuiona. Au iliingia wakati nimetazama kwingine. Nikakaa pale kama mjinga, kamba mkononi.

Halafu kazi. Mkono ulipimika vizuri sana. Kiuno ndicho kilichoniponza, maana kamba lazima ipite chini yake. Nilikuwa nimeingiza mkono wangu mpaka kiwiko alipofungua macho. Mimi nimepiga magoti, kamba iko juu ya tumbo lake, mkono umenasa.

Nikasema, mende.

Mtu mwingine angepiga kelele. Muuguzi hapigi kelele. Aliuliza kwa upole kama huyo mende nilitaka kumfunga kamba. Akanishika paji la uso, akanivuta ukope wa chini, akaleta kipima joto. Sina homa. Akanipa dawa ya minyoo kwa tahadhari. Nilikwenda kumpima, nikapimwa mimi!

Jumamosi, 8 Machi

Mbinu ya tatu, na hii ni ya akili: shemeji yangu! Yeye na mke wangu wametoka tumbo moja, umbo moja, hata mwendo mmoja. Nikamwita kwa fundi, nikamfungulia siri, akaapa. Akasimama katikati ya kibanda, gauni la buluu juu ya nguo zake. Fundi Pini alikuwa na furaha kama mwenye njaa aliyeona sahani. Akabana hapa, akabana pale. Mimi nimepiga magoti nikishikilia pindo.

Mara mlangoni pakawa giza. Mwanyumba!

Alikuja kuchukua suruali yake. Akamwona mkewe ndani ya gauni ambalo hakulinunua yeye, na miguuni pa mkewe akaniona mimi. Akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, kama bado nina mke wangu. Swali gumu kulijibu ukiwa umepiga magoti.

Ikabidi tumweleze. Akapoa. Akacheka mpaka akakalia robota la vitambaa. Akasema wazo si baya, ila yeye angelifanya vizuri zaidi. Akaapa hatasema neno. Nikaingiwa na hofu. Wanasema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini hapa mchukuzi ni mimi na sioni nafuu.

Na kama hayo hayatoshi, shemeji akiwa anavua gauni akakumbuka kutuambia kwamba dada yake amemzidi kifua na yeye amemzidi dada mikono. Fundi akachomoa pini zote, moja moja, akinitazama mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Hatari! Leo amefungua kabati. Nilisikia mlango ukilia, nikatoka mbio na mswaki mdomoni. Akasema halioni gauni lake la buluu. Nikasema nimelipeleka kwa dobi. Akasema halijavaliwa hata siku moja. Nikasema ndiyo maana, vumbi. Akanitazama. Halafu akatabasamu, akaenda kuinjika chai huku akiimba.

Anaimba! Sijui niogope au nishukuru.

Jambo jingine la ajabu. Jioni nilipomkumbatia, kamba nimeichomeka ndani ya mkono wa shati, alisimama wima kama mlingoti, akainua mikono yote miwili, hakuishusha mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza kama nataka na mgongo. Nikauliza, mgongo wa nini? Akasema, basi tu.

Labda ndivyo wauguzi wakuu wanavyokumbatia. Cheo hubadili mtu.

Jumatano, 12 Machi

Ushindi! Nimempelekea Fundi Pini kamba ambayo mafundo yake nimeyapaka rangi: nyekundu kifua, njano kiuno, kijani nyonga. Rangi ya mafuta, haifutiki. Hata hakuitazama! Akasema vipimo amekwisha kupata. Nikauliza amevipata wapi. Mdomo ulikuwa umejaa pini, nikasikia neno "mwenyewe" tu. Yaani mimi mwenyewe. Vipimo vyangu vya mwanzo vilikuwa sahihi, ila aliona haya kukiri mbele ya wateja. Nimemsamehe.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu alikuwa jikoni anachemsha maziwa. Nikamkumbatia, na katikati nikagundua kwamba sina kamba. Sikuibeba, wala sikuwa na cha kupima. Hakuniuliza kitu. Tukakaa hivyo hivyo mpaka maziwa yakafurika jikoni kote. Tumeyapangusa pamoja.

Jumamosi, 15 Machi

Siku yenyewe. Asubuhi nikalitoa gauni, nikampa. Akasema, "Ala! Ni la kwangu hili?" Akaingia chumbani. Akatoka.

Nina kazi ya kuchanganya rangi, nimeona buluu za kila aina, lakini ile sikuwa nimeiona. Kiuno kilikuwa kiunoni. Mikono iliishia pale mikono yake inapoishia. Alitembea mpaka dirishani akarudi, gauni likaenda naye likarudi naye, halikumtangulia wala halikubaki nyuma. Lile neno langu la "kitu kidogo tu" nililisahau kabisa. Nililia mimi. Yeye ndiye aliyenipa leso.

Ukumbini tulikaa mstari wa mbele: mama mkwe aliyesafiri tangu jana, shemeji, mwanyumba, mimi. Mwanyumba alimwambia kila aliyekaa karibu kwamba gauni lile alishiriki. Kushiriki gani? Alikalia robota!

Mke wangu akapanda jukwaani. Alisema mtoto mdogo hawezi kukueleza anaumwa wapi, kwa hiyo kazi ya muuguzi ni kumtazama mtu vizuri hata akiwa hajasema kitu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilisimama. Nilisimama peke yangu, lakini nilisimama.

Wakati wa keki nikamwona Fundi Pini, amevaa suti, mdomo mtupu. Nani kamwalika huyu? Akaja moja kwa moja kwa mke wangu, akamwuliza kama kwapani bado panabana. Mke wangu akamjibu kwamba hapabani tena, alivyolegeza Jumanne ilitosha kabisa.

Jumanne!

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamwuliza. Akacheka mpaka akasimama njiani. Mwanyumba alimweleza yote Jumamosi ile ile, hata sijafika nyumbani. Jumatatu alipotoka zamu akapita kwa fundi, akapimwa. Jumanne akalijaribu. Nikamwuliza kwa nini basi aliniacha nihangaike na kamba siku zote zile, nikipaka mafundo rangi, mtu mzima mimi.

"Nikwambie," akasema, "ili uache kunikumbatia?"

Akanishika mkono. Akasema ila safari nyingine nikitaka kujua jambo juu ya mwili wa mtu, nimwulize mwenyewe, inachukua muda mfupi zaidi. Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe amelala kwetu. Asubuhi alitoka nje na koti alilolinunua juzi, la dukani, zuri, ila mabega yameanguka kama mtu aliyepokea habari za msiba, na mikono imemeza vidole vyote. Nikamdokeza habari za fundi. Akasema ah, mwanangu, mimi na uzee huu nikasimame kupimwa kama mwanafunzi! Akalitundika ukutani.

Mwezi ujao anafikisha miaka sabini. Hebu fikiria uso wake!

Ahadi niliyotoa jana ilimhusu mke wangu. Mama yake hakutajwa. Tena huyu nimekwisha kumdokeza, akakataa, kwa hiyo hata ile ya kuuliza nimeitimiza. Shida ni vipimo. Mama mkwe hakumbatiwi. Hata mimi nina mipaka yangu. Anatakiwa mtu mwingine mwenye umbo kama lake, na shemeji hafai kabisa, ni mwembamba.

Nimewaza muda wote wa chakula cha mchana. Kisha mwanyumba, aliyekuja na shemeji kula nasi, akainama kuokota kijiko, nikaona. Mabega yale yale! Mgongo ule ule! Ukimtazama kwa nyuma ni mama mkwe mtupu.

Kesho nampitia kazini kwake. Nitamkumbatia tu, kindugu, nimpongeze kwa kushiriki gauni. Ana kifua kipana. Itabidi nimkumbatie mara mbili.