Betri Imenilipukia Fonie Ikiwa Hewani

Ndugu zangu wa maabara,

Nimeaibika. Tena si mbele ya watu wawili watatu. Nimeaibika mbele ya mji mzima wa Kamina, mbele ya wanajeshi, na mbele ya vituo vyote vya redio ya fonie kutoka hapa mpaka Malemba-Nkulu. Kuna jirani amepata nafasi kwenye treni ya wanajeshi inayoshuka Lubumbashi, kwa hiyo naandika haraka. Afadhali mlisikie kwangu. (Wengine wataongeza chumvi, na chumvi yenyewe haihitajiki.)

Mnajua nilikuja nyumbani likizo ya wiki mbili. Vita hii ya pili ikaanza, treni zikachukuliwa, wiki mbili zikawa miezi mitano. Mnajua pia memwari yangu ya D.E.S., yaani tasnifu ya shahada, inahusu nini: hidrojeni inayotoka kwenye betri za risasi wakati wa kuchaji. (Risasi ya madini, si ya bunduki. Hapa Kamina lazima ufafanue.) Sura ya tatu ni maonyo matupu. Fungua madirisha. Zima chaja kwanza, ndipo utoe vibanio. Cheche moja inatosha. Niliyaandika mwenyewe, kwa mkono wangu.

Sasa, kanisani kwetu kuna fonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Kila wiki, siku kama ya leo, familia hupanga mstari, kila mtu aulize ndugu zake kama wangali hai. Mwenye kuiendesha ni Papa Ilunga, karani wa kanisa. Asubuhi akaja kwetu.

"Mademoiselle wa betri, kuya uangalie. Fonie inakufa."

Nikaenda. Nilitembea kama daktari bingwa aliyeitwa hospitali. Betri ilikuwa ya lori, kuukuu, imekauka. Nikaongeza maji safi, nikawasha jenereta, nikaunganisha chaja. Kisha nikawahutubia watu waliokuwa kwenye mstari kuhusu hatari ya hidrojeni. Dakika kumi na tano! Nikamfukuza mzee mmoja na sigara yake.

Papa Ilunga akafunga madirisha, maana watu wa nje huwa wanasikiliza na kujibu mambo yasiyowahusu. Mimi nikanyamaza. (Sura ya tatu, ukurasa wa kwanza.)

Saa tano zamu ya Mama ikafika. Kwa wiki tatu hatukuwa na habari za dada yangu mkubwa, yaya Bertine, aliyeolewa Malemba-Nkulu. Ana mtoto mchanga, na tulikuwa tumesikia maneno mabaya juu ya upande ule. Mama alikuwa halali usiku. Akakamata kile kisemeo kwa mikono miwili, akabonyeza kifungo, na hakukiachia tena.

"Bertine! Weye uko muzima? Batoto bazima? Bwana yako iko? Munakula nini?"

"Mama, acha kifungo naye ajibu!" akasema Papa Ilunga.

"Minyi sijamaliza."

Chaja ilikuwa inaingiza mvumo kwenye fonie. Papa Ilunga akanigeukia: "Mademoiselle, toa ile kintu yako, inapiga kelele."

Nikanyoosha mkono. Chaja inafanya kazi. Madirisha yamefungwa. Nikavuta kibanio.

Niliiona cheche. Ndogo, ya buluu, nzuri hata. Nikapata muda wa kufikiri, "Hii nimeiandika."

PAA!

Kifuniko cha betri kikaenda kugonga dari. Watu wote chini. Siku hizi hatuulizi mlio ni wa nini, tunalala kwanza. Mama akalia, "Vidye wami, Mungu wangu, tumekufa!" huku kifungo bado kimebanwa. Betri ikavumilia sekunde mbili zaidi, zikatosha kupeleka kilio chake mpaka Malemba. Kisha fonie ikazima.

Mnaniuliza nilikuwa wapi? Chini ya meza. Ndiyo, mimi mwenye kujua mlio ule ni wa nini. Nilifika huko kabla ya watu wote.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mimi nilimwagiwa ndoo mbili za maji kwa sababu ya asidi. Nilikuwa nadondosha maji hivyohivyo wanajeshi walipoingia mbio na bunduki zao, komanda mbele.

"Adui iko wapi?"

Mstari mzima ukanionyesha kidole.

"Huyu?"

"Njo yeye, komanda," akasema Papa Ilunga. "Anasomea betri."

"Anasomea betri," komanda akarudia polepole. "Na akimaliza kusoma, itakuwa namna gani?"

Ningecheka, lakini nikamwona Mama amekaa sakafuni, bado ana kisemeo mkononi. "Bertine amesikia minyi nasema tumekufa," akasema. Basi.

Komanda akaagiza betri ya lori lake. Ikaunganishwa na askari, mimi nikiwa nimeamriwa kusimama ukutani. Fonie ikawaka, sauti zikaingia kwa pamoja.

"Kamina, Kamina, hapa Luena. Mulianguka kwa adui? Jibuni!"

Papa Ilunga akataka kujibu. Komanda akakataa. "Yeye mwenyewe."

Nikaanza kwa Kifaransa, kile cha maabara.

"Kiswahili," akasema komanda. "Bantu bote basikie."

"Hapa Kamina," nikasema. "Hakuna vita. Hakuna bombe. Betri ilipasuka. Ilikuwa minyi."

Nikaachia kifungo.

"Mademoiselle," Luena akajibu, "huku bantu balikimbilia ndani ya mine, shimo ya makaa. Tubaambie batoke?"

"Batoke, tafazali."

"Tubaambie ilikuwa nini?"

"Hidrojeni."

"Hidrojeni? Hiyo iko kundi gani? Inatoka upande gani?"

Nyuma yangu askari mmoja akaanza kukohoa. Hakuwa na kikohozi.

"Si kundi. Ni hewa tu. Inatoka kwa betri."

Ndipo ikaingia sauti nyingine, imekwama kwa machozi: "Numbi? Njo weye? Mama iko wapi?"

Mama alininyang'anya kisemeo, karibu anivunje kidole. "Niko! Minyi niko! Ni mudogo yako na masomo yake!"

Tukamsikia yaya Bertine analia, kisha anacheka, na nyuma yake mtoto mchanga anapiga makelele kwa nguvu zake zote. Mama, kidole mbali na kifungo, akamsikiliza mjukuu huyo. Mstari mzima ukasikiliza. Hata komanda alivua kofia.

Ndivyo ilivyokuwa. Kitenge changu kina matundu kama chujio. Watoto wa jirani wananiita Mama Hidrojeni, na mama zao hawawakatazi. Tafadhali msicheke, au mcheke nikiwa mbali kama hivi.

Komanda amesema mtu anayejua kupasua betri vizuri hivyo lazima anajua pia kuzitunza, kwa hiyo kesho asubuhi anataka nikague betri zote za Base, kambi yao ya jeshi. Nimemwambia nina malaria.