Soketi ya Ugenini

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya historia! Mwalimu Dorotea amepita asubuhi kibandani kwangu, hapa karibu na stendi ya Nachingwea, na habari niliyoingojea miaka sita. Wazawa wa huku wanaoishi Dar wametuma kompyuta thelathini zilizotumika: kumi na tano za shule moja ya Nachingwea, kumi na tano za Ruangwa. Anatafutwa Fundi Mkuu mmoja wa kuzisimamia zote. Mmoja! Mwalimu ndiye mratibu. Nikamwambia asihangaike kutafuta, ameshafika.

Akasema tuko wawili. Mwingine ni Leah, binti wa mzee Jeremia, wale wafugaji waliohamia Nandagala kutoka Kanda ya Ziwa. Anatengeneza simu na kompyuta Ruangwa mjini. Tutashindanishwa Jumamosi ya tarehe 26, ukumbini Ruangwa, mbele ya watu. Kila mmoja amepewa kompyuta moja kati ya hizo thelathini. Zinafanana kama mapacha: kuukuu, ram, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, giga mbili tu. Hairuhusiwi kuongeza kifaa. Kompyuta inaanza ikiwa imezimwa kabisa. Fundi anaiwasha, anafungua ukurasa, anaandika "Elimu haina mwisho". Atakayemaliza kwanza ndiye Fundi Mkuu.

Nimecheka hadi nimepaliwa. Mimi na mchunga ng'ombe!

Jumanne, 15 Julai

Tumeambiwa tutumie mfumo wa Linux kwa kuwa ni ya bure. Raha ya Linux, sura ya kompyuta unajichagulia mwenyewe. Kuna XFCE, nyepesi, imekaa kama ofisi ya kata. Kuna KDE, inapambika kama bibi harusi. Mimi ni mtu wa KDE.

Nimeweka madirisha yanayotetemeka ukiyavuta. Nimeweka mchemraba unaozunguka. Samaki wanaogelea chini ya skrini. Hali ya hewa ya miji sita. Saa kubwa tatu za mishale: ya Nachingwea, ya Ruangwa na ya Marambo.

Mke wangu Zuleha akauliza kama Ruangwa wana saa yao tofauti na yetu. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu.

Jumatano, 16 Julai

Jaribio la kwanza. Nilipobonyeza kitufe, Zuleha alikuwa ndiyo kwanza anabandika chai. Chai ikachemka, ikatiwa tangawizi, ikamiminwa. Samaki wangu walikuwa bado hawajatokea! Dakika nne na sekunde kumi na moja.

Zuleha akasema nitoe mapambo. Sipendi kushauriwa na mtu anayekoroga sukari. Hata hivyo nikatoa saa ya Marambo. Dakika nne na sekunde tisa. Halafu nikakumbuka mama yangu ni mtu wa Marambo. Nikairudisha.

Tatizo si mapambo. Tatizo ni Leah.

Alhamisi, 17 Julai

Akili imenijia nikiwa naoga. Kama siwezi kuifanya yangu iwe nyepesi, ya kwake naweza kuifanya nzito. Nimejaza flashi picha, theluji inayodondoka, vipepeo, madirisha yanayowaka moto yakifungwa. Nimempa dereva wa Noah ya Ruangwa ampelekee pamoja na barua ya upole. Kwa dada yangu katika fani, kutoka kwa kaka yako Imrani, pamba kompyuta yako ipendeze ukumbini.

Akiviweka vyote, itawaka Idi ijayo.

Jumamosi, 19 Julai

Jibu limefika. Dumu la maziwa mgando, lita tano! Na kikaratasi: asante sana kaka Imrani, picha zote ni nzuri, ameweka moja, ya mkorosho.

Moja tu.

Nikamdadisi dereva kijanja, kompyuta ya yule dada inaonekanaje. Akasema ukiacha picha ya mkorosho haina kitu, imekaa tupu kama shamba lililofyekwa. XFCE hiyo! Nimeshaandaa na hotuba ya kuicheka.

Jioni akaja Mzee Abdalah, mwenyekiti wa tawi letu la washabiki wa mpira. Kompyuta haijui, lakini Nachingwea inakwenda kucheza Ruangwa, na kwake hiyo ni mechi ya ugenini, basi. Analeta Fuso la washabiki. Maziwa ameyapiga marufuku: wiki ya mechi huli cha mpinzani. Nikaweka dumu chini. Zuleha akalichukua, akala ugali na maziwa yeye na binti yetu Hafidha. Hakuna aliyeumwa hata tumbo. Mimi nimekula ugali na mlenda, nikiwaangalia.

Jumatatu, 21 Julai

Bado dakika nne.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niseme ukweli. Naogopa. Miaka sita natoa fotokopi za vyeti vya watu wengine. Kila mtu anapita kibandani kwangu akienda kuwa mtu fulani mahali fulani. Mimi nataka mara moja tu jina langu liandikwe mlangoni, na mbele yake cheo.

Basi nimejiwekea akiba ya sababu. Nimemnong'oneza Mzee Abdalah kwamba watu wa Ruangwa wanaweza kuuchezea umeme wa ukumbini. Nikishindwa, lawama imeshapata pa kwenda. Mzee akanikazia macho, akasema, "Mwanangu, hayo niachie mimi."

Nimefarijika sana.

Jumatano, 23 Julai

USHINDI! Na aliyeuleta ni tambara la vumbi.

Zuleha alikuwa anapangusa meza, akagusa kibodi mahali fulani. Skrini ikawa nyeusi. Feni kimya. Nikapiga kelele majirani wakatoka. Nikabonyeza kitufe. Sekunde tatu! Samaki wote kazini, saa zote tatu zinatembea!

Kumbe haikuzimwa, ililala tu. Kompyuta iliyolala hukumbuka kila ulichokuwa umekifungua, mradi umeme unaingia. Ukichomoa waya imesahau yote, lazima ianze moja. Lakini nani atachomoa waya? Kuna kitaa kimoja tu mbele kinachopepesa kikisema bado nipo. Nimekibandika stika ya tawi, kisionekane.

Mpango ni huu. Jumamosi nitawahi kabla ya watu. Nitaiwasha, nitafungua ukurasa, nitaandika kabisa "Elimu haina mwisho", kisha nitailaza. Mashindano yakianza nabonyeza kitufe, nakunja mikono.

Zuleha amesema huo ni wizi. Nimemwambia huo ni usingizi.

Jumamosi, 26 Julai

Acha niandike kwa mpangilio.

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa ukumbini Ruangwa, mimi na mlinzi tu. Mezani kulikuwa na karatasi za majina, mimi soketi ya kushoto, Leah ya kulia. Nikachomeka. Dakika nne na ushei. Nikafungua ukurasa, nikaandika sentensi, nikauhifadhi kwa jina "Ushindi wa Imrani". Nikaongeza alama tatu za mshangao. Nikakaa robo saa nzima nauangalia. Ulipendeza. Kisha nikailaza.

Saa nne ukumbi ukajaa. Wenyeji walikuja na mavuvuzela. Fuso letu likaingia na ngoma, Mzee Abdalah mbele, amevaa jezi juu ya kanzu. Leah akafika kwa bodaboda, kompyuta yake ameifunga kwenye kitenge na kuipakata kama mtoto. Akampa mzee shikamoo. Mzee akaitikia kwa upande.

Mwalimu Dorotea akakagua. Skrini nyeusi, feni kimya, zote mbili. Akaunganisha projekta ukumbi mzima uone. Akanyanyua filimbi. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sekunde tatu tu kati yangu na mlango wenye jina!

"Simamisha!" Mzee Abdalah huyo, amepanda juu ya benchi. "Mgeni hakubali soketi aliyopangiwa na mwenyeji! Tunabadilishana!"

Nikamwambia haraka kwamba soketi hii inanitosha, sina malalamiko. Akasema sijui ninachosema, mimi ni mchezaji tu, mambo ya nje ya uwanja ni ya uongozi. Leah akaulizwa. Akasema kwake ni sawa, umeme ni uleule. Nikasema kwa sauti kubwa zaidi kwamba sibadilishi. Hapo ndipo nilipojiharibia. Wenyeji wakaanza kunong'ona: kwa nini anaing'ang'ania? Alifika alfajiri, mlinzi shahidi! Ameweka nini mle? Mama mmoja akainama kuchungulia matundu ya soketi.

Washabiki wangu wanataka nihame. Washabiki wao wanataka nihame. Mwalimu Dorotea akasema hamna ubaya, tubadilishane tuendelee. Nikaukumbatia waya. Mzee Abdalah akanitoa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, huku akininong'oneza kwamba ananiokoa.

Akachomoa.

Filimbi ikapigwa. Leah akabonyeza, mkorosho ukatokea, ukurasa ukafunguka, akaandika, akarudisha mikono mapajani. Dakika moja na sekunde nne. Mavuvuzela! Mimi bado nina skrini nyeusi. Dakika ya pili, nembo inazunguka. Dakika ya tatu, wenyeji wanaihesabia kwa pamoja. Dakika ya nne akatokea samaki mmoja, ukumbi ukamshangilia peke yake.

Nikadhani aibu imeishia hapo. Nikafungua programu ya kuandikia. Badala ya ukurasa mweupe likaja swali, kubwa, ukutani: programu ilifungwa vibaya, je, urudishiwe kazi uliyokuwa unaifanya? Na jina la kazi yenyewe: "Ushindi wa Imrani". Mwalimu Dorotea akaichukua mausi mwenyewe, akakubali. Ukuta mzima ukaandika: Elimu haina mwisho!!!

Mwalimu akaniuliza polepole, kama anavyowauliza wanafunzi, niliandika lini. Nikasema kompyuta hizi za siku hizi zinabashiri.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama wa soketi.

Nikatafuta pa kujishikiza. Nikakumbuka hotuba yangu. Nikasema Leah ameshinda kwa sababu ya XFCE, kitu kikavu kisicho na heshima, angetumia KDE kama mwanamume tungeonana. Leah akageuza skrini nione. Ilikuwa KDE. Ileile yangu, toleo lilelile! Akasema KDE haina uzito kiasi hicho, ni mtu tu na anavyoibebesha. Kwao, akasema, kisima kikiwa kidogo hawapeleki zizi zima kunywa kwa pamoja. Giga mbili ni kisima kidogo.

Wakampa kamba yenye beji. FUNDI MKUU. Nimeiona kwa karibu. Imeandikwa vizuri.

Nimerudi nyuma ya Fuso. Mzee Abdalah ameeleza njia nzima kwamba tusingebadilisha soketi tungefungwa vibaya zaidi.

Jumapili, 27 Julai

Sijatoka nje. Zuleha hajasema nilikwambia. Amenibandikia chai tu, na hilo limeniuma zaidi.

Alasiri Mwalimu Dorotea akapiga simu. Nikadhani ni matusi. Kumbe alitaka kunifuta kabisa, Leah akamkatalia. Amesema kompyuta thelathini mtu mmoja haziwezi, na mtu aliyeweza kuogelesha samaki ndani ya giga mbili si mjinga, ila hajui pa kuishia. Nimepewa kumi na tano za Nachingwea. Msaidizi wa Fundi Mkuu. Kutakuwa na karatasi mlangoni. Sharti moja, zote ziwe tupu kama ya Leah, zisizidi dakika moja na nusu kuwaka.

Nimeenda uani nikalia kidogo. Nimeapa mbele ya Zuleha: hakuna samaki, hakuna mchemraba, hakuna ujanja. Yale maziwa yalikuwa yamebaki kikombe kimoja. Nimeyanywa. Matamu!

Jumanne, 29 Julai

Kumi na tano zote tayari, zimepangwa darasani. Tupu. Dakika moja na sekunde sita. Karatasi iko mlangoni, jina langu, herufi kubwa. Nimepita mbele ya huo mlango mara tisa.

Ila zilikuwa tupu mno. Wanafunzi watajuaje saa? Nimeweka saa moja tu, ya Ruangwa, kwa heshima ya bosi wangu. Nikaona Nachingwea watanuna, na shule ni yao. Nikaweka. Marambo ni kwa mama. Samaki ni kwa ajili ya somo la Baiolojia.

Sasa ni dakika nne na sekunde ishirini. Si neno. Leah anakuja kukagua Ijumaa saa nne. Nimetafakari kwa makini yaliyotokea Ruangwa na nimeshalijua kosa langu: sikuwa na ulinzi kwenye soketi. Ijumaa nitawahi saa kumi na mbili, nitaziwasha zote kumi na tano, nitazilaza. Stika ninazo za kutosha.

Na safari hii hakuna atakayegusa waya hata mmoja. Nimemwomba Mzee Abdalah akae mlangoni.