Kipa wa Watu Chini ya Paa Langu

Jumanne, 5 Septemba

Orodha ya timu ya hoki ya wasichana imebandikwa mlangoni mwa uwanja wa barafu. Nikaisoma kutoka juu. Nikaisoma kutoka chini. Nikaifunua nione kama inaendelea nyuma. Tamara wangu hayumo! Kipa bora kuliko wote hapa Kelwick, na sisemi hivyo kwa kuwa nimemzaa mimi, ingawa hilo limesaidia.

Mwezi wa Aprili Kocha Brent alikaa jikoni kwangu, akala pirogi zangu, vile vitumbua vya unga vyenye viazi ndani, ishirini na mbili, akanipa mkono: nafasi ya kipa ni ya Tamara, mama, lala usingizi. Nikalala. Timu ya Dunmore, mji jirani, ilipopiga simu kumtaka, nikawajibu kwa madaha kwamba tumeshaposwa. Leo namuuliza, anajikuna kisogo. Alichoahidi, eti, ni nafasi ya kugombea nafasi! Makipa wanatakiwa wawili tu: yule wa mwaka jana na msichana mmoja, Delphine Courchene, kutoka kaskazini huko, mwendo wa saa tisa kwa gari.

Tamara akasema basi mama, twende nyumbani. Hana kinyongo. Hilo karithi kwa baba yake.

Alhamisi, 7 Septemba

Mungu hamtupi mja wake! Delphine hana pa kukaa. Mchezaji wa mbali hulelewa na familia ya hapa msimu mzima, na kocha ameomba wazazi wajitolee. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Myron, mume wangu, akapaliwa na kahawa.

Mpango wangu: orodha inafungwa Ijumaa ya tarehe 15. Delphine akirudi kwao kabla ya hapo, nafasi iko wazi. Nitamlisha mpaka ashindwe kuinama. Nitamkumbusha kwao mpaka alie. Yote kwa upole. Mimi si mtu mbaya.

Jumamosi, 9 Septemba

Amefika. Mwembamba kama gongo la hoki, begi kubwa kuliko yeye. Nimempa chumba cha chini, ubavuni mwa tanuri la kupashia nyumba joto, linalonguruma kama dubu. Akashukuru. Kwao, anasema, kimya kinamkosesha usingizi.

Pirogi thelathini na moja! Juu yake majani ya kabichi yaliyoviringishiwa wali na nyama, na krimu. Kisha akauliza, "Shangazi, zimebaki?" Shangazi!

Nikaanza kumchokonoa habari za kwao. Akanisimulia bibi aliyemlea, anavyotega nyavu chini ya barafu ya ziwa huku anaimba ili vidole visigande. Aliyelia ni mimi. Delphine ndiye aliyenipa kitambaa.

Jumatatu, 11 Septemba

Jana mechi ya kirafiki. Delphine hakufungwa hata bao. Kocha akanishukuru mbele ya watu: chakula changu kimempa upana, lango halionekani! Shauna Prokop, muuza chipsi wa pale uwanjani, ambaye binti yake hajawahi kukosa timu (sijui kwa nini), akapaza sauti dirishani: "Pole shoga! Nasikia umefungua hoteli!" Nikamwambia chipsi zake zina mafuta ya juzi.

Leo nikawakuta wawili hao mbele ya gereji, Delphine anamfundisha Tamara kuziba kona ya chini. Nikawaamuru waache mara moja. Wakauliza leo kuna supu gani.

Alhamisi, 14 Septemba

Siku moja imebaki. Nikatoa silaha ya mwisho: nikamnong'oneza Delphine kwamba Brent hatimizi ahadi, atamtupa kama alivyotutupa sisi. Akasema anajua. Brent alimwahidi yeye kuwa kipa namba moja, na juzi kamsikia akimwahidi hilohilo yule kipa wa mwaka jana.

Nini?! Mtoto katoka mwendo wa saa tisa! Kamwacha bibi yake! Nikapanda pikapu na aproni yangu hivihivi. Brent alikuwa katikati ya uwanja anafundisha. Nikamfuata juu ya barafu na slipa za ndani. Nikaanguka mara mbili. Nikamwambia mbele ya timu nzima aone haya, mtu mzima kugawa ahadi kama pipi. Wazazi wakapiga makofi. Akaandika na kutia sahihi: Delphine namba moja, msimu mzima.

Ushindi! Nilifika nusu ya njia ndipo nikakumbuka mimi ni mama wa nani.

Ijumaa, 15 Septemba

Nimelia chai nzima ya asubuhi. Nikamwungamia Tamara kila kitu. Kumbe Jumanne alishapiga simu Dunmore mwenyewe! Kipa wao mmoja amehama. Baba yake akatia sahihi kimyakimya, na leo mchana wamemwandikisha. Atacheza! Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Wakasema waliogopa ningewasaidia. Sijaelewa maana yake.

Jumapili, 17 Septemba

Dunmore dhidi ya Kelwick. Tamara lango hili, Delphine lile. Nimeshangilia pande zote mbili, sauti sina. Tumeshinda moja bila, na tumefungwa moja bila. Sijawahi kuona makipa kama wale, na wote wamekula kwangu.

Baadaye nikamuuliza Bwana Toews, kocha wa Dunmore, kama na mwakani nafasi ni ya Tamara. Akajibu yeye hamwahidi mtu. Mwakani kila mtoto atajaribiwa kama wenzake. Usoni pangu! Mtu gani anashindwa kukupa hata ahadi? Macho yake sikuyapenda.

Mlangoni akanisubiri Brent, kofia mkononi. Amekosa, anasema. Tamara ni dhahabu. Mwakani nafasi ni yake, niondoe wasiwasi. Machozi yakamlengalenga. Hapo ndipo unapomjua muungwana! Nimemkaribisha chakula Jumatano.

Myron amejifunika uso kwa gazeti. Nimemwomba tu asimdokeze Toews mapema kwamba mwakani tunarudi kwa Brent. Masikini, ataumia.