Nilivyomsalimia Profesa kwa Mikono Miwili

Leo nimeaibika mpaka nikatamani kuzama kwenye tope langu mwenyewe.

Wanaonijua wanajua kwamba masomo yangu ni matope. Mto unapoingia ziwani hapa Nakuru, unatua uchafu wote ulioubeba kutoka mjini na mashambani: mbolea, zinki, risasi (ya betri, si ya bunduki). Vitu hivyo vikilala kwenye tope, ziwa lina afueni. Tope likikorogwa, vinarudi majini. Mimi napima vinavyorudi. (Ndiyo, shangazi, hii ni kazi.)

Kwa hivyo sampuli haifai kutikiswa kabla ya kufika maabara. Inakaa kwenye bomba la plastiki, tope chini, maji juu, wima. Mbili za kwanza ziliniharibikia njiani. Hii ya leo ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya mvua. Ikiharibika, sihitimu mwaka huu. Na mama yangu kule Kabazi ameshanenepesha mbuzi wa sherehe!

Asubuhi nikaingia majini hadi magotini, askari wa mbuga akiwaangalia nyati kwa niaba yangu. Nikapata tope zuri ajabu, limetulia, maji juu yake yanang'aa. Nikalikumbatia bomba, nikapanda boda getini.

"Boss, polepole. Hii kitu haitaki kutingizwa."

"Madam, nikipunguza tena tutaanguka."

Mkokoteni wa viazi ukatupita. Kila tulipofika kwenye tuta nilishuka, nikatembea, nikapanda tena. Dereva alipokohoa, nikamkemea. Pale Milimani mama mmoja akaniuliza kama nimebeba mtoto. Nikamwambia, "Ssh!" (Sijui kwa nini.)

Chuoni, askari wa geti akanyoosha mkono alikague bomba.

"Usiguse! Hata usipumue karibu!"

Maskini akarudi nyuma.

Nikafika mlangoni mwa maabara, maji bado yanang'aa! Profesa wangu alikuwa amesimama pale, mzee wa mvi asiyecheka ovyo, suruali ya kijivu imepigwa pasi ikanyooka. Akalitazama bomba. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Umeweza, Wambui. Hongera." Akanipa mkono.

Sasa, mimi nimelelewa na mama ambaye ukimsalimia mtu mzima kwa mkono mmoja, utalala njaa. Mkubwa anasalimiwa kwa mikono miwili, basi. Sikufikiria. Wa kulia ukaenda, wa kushoto ukaufuata.

Bomba likabaki bila mtu.

Pwaa! Viatu, soksi, suruali hadi mapajani. Na mimi bado nimeushika mkono wake, nimeinama kidogo, nasema, "Asante sana, Prof."

Akajitazama.

"Wambui. Tope likikorogwa, metali zinaenda wapi?"

"Zinarudi kwa maji, Prof."

"Na leo zimeenda wapi?"

"Kwa... kwa suruali yako, Prof."

Nimetoka kumpigia mama simu. Nimemweleza yote nikilia: bomba, suruali, sherehe hakuna mpaka mwaka ujao. Akauliza jambo moja tu.

"Lakini ulimsalimia na mikono mbili?"

"Ndio, mum."

"Basi sijaaibika."

Tafadhali msinicheke. Mwenye ruhusa ni mbuzi peke yake.