Shusha Mkono, Noëlla!

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya parokia nzima. (Si nguo za kweli. Zingekuwa za kweli ningejifunga kitenge, yakaisha.)

Mnanijua. Mimi ndiye kiongozi wa akina mama wanaoombea miito hapa Stockholm. Mwaka wa tano sasa nasali kwa sauti: "Bwana, chukua mtoto katika nyumba zetu, awe padri, awe sista!" Nyumba zetu, nasema. Moyoni nilikuwa nawaza nyumba ya Mama Gisèle. Ana watoto saba.

Mimi nina mmoja. Noëlla, miaka kumi na sita.

Asubuhi natafuta kitana kwenye mkoba wake, nakuta barua ya masista. "Karibu sana Noëlla, tunakungoja." Nikairudisha, nikatoka bila kuchana nywele.

Tukapanda treni pale kwetu Bredäng kwenda misa. Yeye anachekea simu yake, mimi namtazama kichwani, naona kile kitambaa cha sista kimeshakaa. Huyu nilitoka naye Bukavu mgongoni. Wengine wa kwangu walibaki ardhini.

Baada ya misa tukaingia ukumbini. Na nani wa kuzungumza leo kuhusu wazazi na miito ya watoto? Mimi! (Mungu naye ana utani.) Nikapewa maikrofoni. Nikasema: salini pamoja nyumbani, mkaribisheni padri mezani, na mtoto akisema anasikia wito, jamani, msimzuie.

Makofi!

Padri akasimama. "Asante, mama. Haya, vijana, nani angependa kwenda kwa masista, aone wanavyoishi? Anyooshe mkono."

Mkono mmoja tu. Safu ya pili. Ninaujua ule mkono, ndio ninaoukata kucha tangu utotoni.

Sikufikiri. Niliruka, na viatu vya kisigino, nikaukamata nikauvuta chini.

"Shusha mkono, Noëlla! Nani atanizalia wajukuu? Wachukue wa Mama Gisèle, anao saba!"

Maikrofoni nilikuwa nayo bado. Haikuzimwa. Mpaka waliokuwa jikoni wanakaanga sambusa walisikia.

Halafu Mama Gisèle, taratibu, kwa Kifaransa chake: "Ah bon? Kumbe?"

Padri akainamisha kichwa. Nilidhani anasali. Kumbe mabega yanacheza kwa kicheko.

"Mamma!" Noëlla akikasirika hunijibu Kiswidi. "Det är bara en helg!"

Yaani Jumamosi na Jumapili tu! Kwenda na kurudi! Nilitamani sakafu inimeze.

Tukarudi kwenye treni. Baada ya vituo viwili akaniuliza polepole, sasa kwa Kiswahili: "Na kama nikitaka kubaki huko siku moja, mama?"

Nikamwambia ukweli. "Naogopa, mwanangu. Nimezika watu wengi. Lakini mtu aliye hai, anayecheka, sijui anatolewaje kwa Mungu."

Akafikiri. Akaniegemea begani. "Sista si maiti, mama. Atakupigia simu."

Nikacheka huku nalia. Mzungu aliyekaa mbele yetu akahama kiti.

Karatasi ya kumruhusu aende kwa masista nimeitia sahihi sasa hivi. Kalamu imetetemeka hadi jina langu halisomeki. Basi msinicheke, nawaomba, na masista wakipiga simu kuuliza ni sahihi ya nani, semeni hamnijui.